Ngazi, Kiapo na Kuingizwa: Bwami ya Walega, Frimasoni na Mau Mau

Vyama vingi vinavyoitwa vya siri vinajulikana na watu wote. Mlega wa Shabunda, huko Kongo, alimtambua mwanachama wa Bwami, chama cha kwao, kwa kofia yake hata kabla ya kusalimiana naye. Huko Dar es Salaam, ambako minong'ono juu ya frimasoni haikauki, Andy Chande, aliyefariki mwaka 2017, aliwaongoza wafrimasoni wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi na alilizungumza jambo hilo hadharani. Kuwapo kwa chama hakufichwi, na mara nyingi hata majina ya watu wake hayafichwi. Yanayofichwa ni yale yanayopita kati ya mtu na chama siku anapoingizwa na siku anapopandishwa, na hapo ndipo vinapofanya kazi vyombo vitatu: ngazi, kiapo na ibada ya kuingizwa.

Vyombo hivi hukutwa karibu kila mahali, lakini uzito wake haulingani. Chama chenye miaka mingi mbele yake hujengwa juu ya ngazi, maana kinaweza kumsubiri mtu akomae. Chama kinachowindwa hakina nafasi hiyo. Hukaza kiapo, kifanye katika usiku mmoja kazi ambayo ngazi ingeifanya katika miaka ishirini. Ibada ya kuingizwa huhudumia pande zote mbili, na sura yake hubadilika kulingana na chombo inachokisaidia.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka mara moja jando na unyago, na ana haki. Mwaka 1909 mtafiti wa mila Arnold van Gennep alizigawa ibada za namna hii katika hatua tatu: kutengwa, kukaa pembezoni, na kurudishwa. Mwali huondolewa katika maisha ya kila siku, huwekwa ndani na kufundishwa, kisha hutolewa nje akiwa mtu mwingine. Vyama vya siri vimeiga mpango huohuo, ila kwa tofauti moja kubwa. Jando humngoja kila mtoto wa kiume wa jamii inayolifuata, naye hana la kuchagua. Chama cha siri humpokea aliyeomba au aliyealikwa, mtu ambaye tayari amekwisha kuwa mtu mzima mbele ya wenzake. Kwa Walega utaratibu huu ulikuwa wazi: tohara, iliyoitwa bwali, ilitangulia, na asiyepita huko hakufikiriwa kwa Bwami.

Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi, mashariki mwa Kongo, hawakuwa na mfalme. Koo zilijitawala, na kilichozifunga pamoja kilikuwa Bwami. Ngazi zake kuu kwa wanaume, kuanzia chini, zilikuwa kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio na kindi. Idadi ilitofautiana kutoka eneo moja hadi jingine, na yananio na kindi zenyewe ziligawanyika ndani. Wanawake walikuwa na ngazi zao, zilizokwenda sambamba na za waume zao. Mwanamume hakuweza kufika juu peke yake: kilele kilihitaji mke aliyeingizwa naye, aliyeitwa kanyamwa. Wanaoieleza Bwami kama klabu ya wanaume hawajapandisha macho hadi juu.

Kupanda kulihitaji mali. Mwombaji alitakiwa kukusanya simbi za musanga zilizotumika kama fedha, mbuzi, nyama ya porini na vyakula vya kuwalisha wageni kwa siku kadhaa. Hakuna mtu aliyekuwa na vitu hivyo vyote nyumbani kwake. Alizunguka kwa wajomba, kwa wakwe, kwa ndugu wa baba, na kila aliyempa kitu alikuwa anahukumu pia tabia yake, kwa kuwa mchoyo au mgomvi hakuchangiwa. Alipofika kwenye ibada, ukoo ulikuwa umekwisha kumpima, nao uliyahesabu mafanikio yake kuwa ni yake na yao. Simbi alizotoa ziligawanywa kwa waliomtangulia, naye angepokea zake wakati wa wengine. Hapa ngazi ilifanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na kiapo. Mtu aliyewekeza mali ya ndugu zake kwa muda mrefu hahitaji kutishwa ili asikigeuke chama. Kukigeuka ni kuwadhulumu wajomba.

Mafunzo yenyewe yalitolewa kwa methali, nyimbo, ngoma na vitu. Mdomo wa hondohondo, gamba la kakakuona, kigoda kidogo, kinyago cha mbao, sanamu ya pembe ya ndovu: kila kimoja kilitolewa katika mchezo wa ngoma kikafungwa na methali yake. Sanamu ya mwanamke mjamzito iliweza kusimulia uzinzi na fedheha yake. Nyingine ilimkumbusha mwanachama uzee, ubahili au kiburi. Sanamu nyingi, kwa kweli, zilionyesha tabia za kuepukwa, jambo linalowashangaza wanaodhani kila kinyago ni mzimu unaoabudiwa. Kitu kilekile kiliweza kurudi katika ngazi ya juu kikiwa na maana nyingine, na vitu vya pembe za ndovu vilihusishwa zaidi na kindi, vya mbao na yananio. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kati ya Walega mwanzoni mwa miaka ya 1950, alionyesha jinsi mafunzo haya yote yalivyoelekea kwenye neno moja, busoga, ambalo ndani yake wema na uzuri havitenganishwi. Kwa hiyo siri ya Bwami haikuwa habari ambayo mtu angeweza kuibeba mfukoni. Kijana aliweza kukiona kinyago akiwa pembeni ya uwanja. Alichokosa ni methali, na pamoja na methali, miaka.

Frimasoni ya Ulaya ilizaliwa katika mazingira mengine kabisa, lakini nayo ilitegemea ngazi kuliko yaliyomo ndani ya ngazi hizo. Waashi wa mawe wa zamani walisafiri kufuata kazi, na ishara au neno la siri lilimthibitisha fundi mahali ambapo hakuna aliyemjua. Kwa maana hiyo lilikuwa cheti. Mwaka 1717 makundi manne ya London yaliungana na kuunda chama kikuu, na kufikia mwaka 1730 ngazi tatu zilikuwa zimesimama: mwanagenzi, mwashi mwenza na mwashi mkuu. Wengi walioingia wakati huo hawakuwa wamewahi kushika nyundo. Mgeni alifungwa macho, akavuliwa kila kitu cha chuma, akatiwa kamba shingoni na kuguswa kifuani kwa ncha kali. Katika ngazi ya tatu aliigiza kifo cha Hiram, fundi wa Hekalu la Suleimani ambaye, kwa mujibu wa hadithi ya chama, aliuawa kwa kukataa kuitoa siri. Alilazwa kama maiti, kisha akainuliwa.

Mwaka huohuo wa 1730 Samuel Prichard alichapisha maelezo ya ibada hizo jijini London, na kijitabu chake kilinunuliwa sana. Kama siri ingekuwa ndiyo roho ya chama, frimasoni ingekufa pale. Badala yake ilienea Ulaya na Marekani. Aliyenunua kijitabu aliyajua maneno, lakini hakuwahi kufungwa macho mbele ya watu ambao angekutana nao tena mwezi uliofuata. Mwanafalsafa wa Kijerumani Georg Simmel aliandika mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba siri hupata thamani kutokana na wale inaowaacha nje, na hilo linaeleza sehemu ya jambo hili. Sehemu nyingine ni ya kawaida zaidi: ngazi humfanya mtu arudi. Kila daraja huacha jingine mbele, na katika utaratibu mmoja wa frimasoni madaraja hufika 33.

Viapo vya frimasoni vilikuwa vikali kwa maneno. Vilitaja kukatwa koo na kung'olewa ulimi. Papa Klementi wa Kumi na Mbili alikilaani chama mwaka 1738, na kiapo cha kutunza siri kilikuwa miongoni mwa sababu. Hata hivyo mwaka 1986 chama kikuu cha Uingereza kiliziondoa adhabu hizo katika viapo vyake bila chama kutetereka. Kiungo kinachoweza kukatwa bila mwili kuyumba hakikuwa kikibeba uzito mkubwa.

Iluminati wa Bavaria walionyesha ngazi inaweza kwenda mbali kiasi gani bila kitu ndani yake. Adam Weishaupt, profesa wa sheria huko Ingolstadt, aliwaanzisha mwaka 1776, akiahidi madaraja ya juu yenye elimu iliyofichika. Adolph Knigge, aliyejiunga mwaka 1780 na kuwavuta watu wengi, alipodai kuonyeshwa madaraja hayo aliambiwa kwamba hayajaandikwa. Ikambidi ayatunge mwenyewe. Ndani ya miaka michache watawala wa Bavaria walikipiga marufuku chama, nacho kikasambaratika; kilikuwa na ngazi nyingi na muda mfupi mno wa kuzifanya ziaminike.

Mau Mau, harakati ya kupinga ukoloni nchini Kenya, ilielekea upande wa pili, ule wa kiapo. Kiswahili husema mtu hula kiapo, hula yamini, na Wagikuyu nao husema mtu hula muma. Lugha zote mbili zinakichukulia kiapo kama kitu kinachoingia mwilini na kubaki humo kikimchungulia mwenyewe. Neno kiapo kwa Kiswahili cha zamani lilitaja pia jaribio la kumbaini mwongo, kama kumgusisha mshtakiwa chuma cha moto. Kwa desturi ya Wagikuyu, viapo vizito vililiwa na wanaume wazima, mchana, mbele ya watu, kwa ajili ya kesi fulani. Katika miaka ya 1940, miongoni mwa wakulima wa Olenguruone waliotishiwa kufukuzwa, kiapo cha umoja kililishwa wanawake na watoto pia. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko maneno ya kiapo chenyewe, kwa sababu yaliufanya mgogoro wa ardhi kuwa jambo la kila mwili ndani ya nyumba.

Kabla na baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, viapo vililiwa usiku. Aliyeingizwa alivua viatu, saa, fedha na kila chuma cha Kizungu, kama Karari Njama, aliyekula kiapo hicho mwenyewe, anavyosimulia. Mfrimasoni naye huvuliwa chuma, aingie kama maskini; Mgikuyu alivuliwa ili aingie bila Mzungu. Alipita mara kadhaa chini ya tao la migomba na miwa, akaonja nyama ya mbuzi, akaapa kwamba akifichua siri kiapo kimuue. Wengi walipelekwa bila kuambiwa waendako, na baadhi walilazimishwa. Walikula kwanza, wakaelewa baadaye. Kiapo cha pili, batuni, kiliwahusu wapiganaji na kilidai utayari wa kuua. Zaidi ya viapo hivi viwili, ngazi zilikuwa chache, na vyeo vya msituni, vya jenerali na vinginevyo, vilikuwa vya amri ya kijeshi. Havikuwa madaraja ya elimu.

Serikali ya kikoloni iliuelewa uzito ulipokuwa. Ilifanya kulisha kiapo kuwa kosa la kunyongwa, lakini ililipa pia wazee na waganga wautumie mwiba kuutoa mwiba: watu walitakaswa kwa jiwe la githathi, lililo chombo cha kiapo chenyewe. Katika kambi walimofungwa watuhumiwa, njia ya kutoka ilipita kwenye kukiri. Aliyekiri alionekana amekitapika kile alichokila.

Bwami nayo ilipigwa marufuku na Wabelgiji katika miaka ya 1930 na 1940, wakiiona kama kiota cha uasi. Hapakuwa na kiapo cha kutapika. Kulikuwa na vitu, na vingi vya vitu hivyo viliishia Ulaya, vikiwemo vilivyo katika jumba la makumbusho la Tervuren karibu na Brussels. Hapo mtu yeyote anaweza kusimama mbele ya sanamu za kindi na kuzitazama kwa muda anaotaka, zikiwa zimepangwa ndani ya kioo, bila methali, bila ngoma, na bila mjomba wa kumchangia.