Tabia, hulka na mhemko: nani alaumiwe kijana akihatarisha maisha?

Nilipokuwa mwalimu katika shule moja ya bweni, mvulana wa Kidato cha Pili aliruka ua usiku na wenzake watatu, wakaenda kudandia malori yaliyokuwa yakipanda mlima polepole. Alikamatwa yeye pekee. Kamati ya nidhamu ilimwandikia maneno mawili tu: "tabia mbaya". Nilishangaa, maana darasani alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini.

Neno "tabia" limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Kiswahili kina hulka na silika, yaani maumbile ya ndani ya mtu; kina pia mhemko na jazba, hisia zinazompanda ghafla. Sisi walimu tunayatia yote kapu moja. Lakini tusijilaumu sana, kwani hata wanasaikolojia walichukua karne nzima kuyatenganisha.

Mnamo 1904, Mmarekani G. Stanley Hall alichapisha majuzuu mawili kuhusu ujana. Kwake, kila kijana hupitia dhoruba, atake asitake. Mwaka wa 1928 Margaret Mead akampinga kwa kuwaeleza wasichana wa Samoa, ambao kwa maoni yake walivuka umri huo bila vurugu. (Mead naye alikuja kupingwa vikali, lakini hayo tuyaache.) Kisha mnamo 1964 Marvin Zuckerman na wenzake wakatunga hojaji ya kupima kiu ya msisimko. Hapo ndipo hulka ilipopata nafasi yake: wapo wanaoitafuta hatari, na wapo wanaoikimbia.

Hata hivyo, hulka peke yake haitoshi. Kule Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa 1972 na 1973. Waliokuwa na udhibiti mdogo wa nafsi utotoni ndio walionaswa zaidi ujanani na sigara, kuacha shule na uzazi usiopangwa. Ila jambo linalonigusa ni hili: baadhi yao udhibiti huo uliimarika walivyokua, na maisha yao ya utu uzima yakawa afadhali kuliko ilivyotarajiwa. Kumbe mtu hajaandikiwa.

Halafu kuna wenzake. Mwaka wa 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu 306 mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Wa miaka 13 hadi 16 walihatarisha gari zaidi sana wenzao walipokuwa karibu; watu wazima hawakubadilika, watazamwe wasitazamwe. Akili ni ileile na hulka ni ileile, ila macho ya marafiki yanaupandisha mhemko kabla breki hazijashika.

Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka mvulana wangu. Katika kikao kile hakuna aliyemuuliza alikuwa na nani, nami pia sikuuliza. Alitumwa nyumbani na hakurudi. Wale watatu, niliokuja kuwajua baadaye, walikalia madawati yao hadi wakafanya KCSE.