Konokono mpya wa maji baridi hutambuliwaje?

Tuseme mkaazi wa Kaptembwo, Nakuru, amemkuta kando ya Mto Njoro konokono asiyewahi kumwona maishani. Je, amegundua spishi mpya? Bado. Huenda kwake ni mgeni, lakini wataalamu wamjua zamani.

Kwanza huandikwa mahali, tarehe na aina ya maji alimopatikana, kisha konokono mzima huhifadhiwa kwenye spiriti, maana gamba tupu hudanganya. Hatua ya pili ni kumlinganisha na wale waliokwisha kupewa majina. Akionekana ni tofauti kweli, mtaalamu huchapisha maelezo yake, humpa jina lenye sehemu mbili, yaani jenasi na spishi, na huweka makumbusho kielelezo cha kulinganishia wengine.

Mfano mzuri ni Ziwa Tanganyika. Msafara wa Burton na Speke uliondoka pwani mwaka 1857, ukafika Ujiji Februari 1858. Magamba aliyookota Speke yalipelekwa London, na mwaka 1859 Samuel Woodward akamwita konokono mmoja Lithoglyphus zonatus, akimweka katika jenasi ya konokono wa Ulaya. Mwaka 1879 Bourguignat akamtoa humo na kumuundia jenasi yake. Leo anaitwa Spekia zonata.

Kosa la jina laweza pia kugusa afya ya watoto. Zanzibar wako konokono wawili, Bulinus globosus na Bulinus nasutus, ambao magamba yao hufanana hata kuchanganywa. Uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya 1990 ulisaidia kuwatenganisha. Visiwani humo, globosus ndiye anayeeneza kichocho cha mkojo, nasutus siye. Asiyewatofautisha ataweza kupiga dawa bwawa lisilo na hatari na kuliacha lile wanamoogelea watoto. Wala tusidhani kila mahali ni hivyo: Tanzania Bara, nasutus naye hueneza ugonjwa huo.

Basi ukimkuta konokono usiyemjua, usitie mikono mitupu majini, kwani viini vya kichocho hupenya ngozini. Mpige picha, andika mahali na siku, kisha uwaulize wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi.