UZI: Ranchi za Bonde la Ufa zilianzaje? Soma kabla ya kubishana

1/ Kila msimu wa siasa lazima hizi ranchi ziletwe jukwaani. Mmoja anasema, "Walikuta pori tupu, wakajenga." Mwingine anajibu, "Lisi zimeisha, warudishe ardhi!" Wote wawili wanaruka mambo. Nichukue ranchi moja ya familia, Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita.

2/ Mwaka 1903 lodi mmoja Mwingereza (wanasiasa hatuwataji hapa, hata waliokufa zamani) alipewa kama ekari 100,000 huko Njoro kwa lisi ya miaka 99. Akaleta kondoo wa Merino na ng'ombe wa ng'ambo. Wakafa wengi sana. Udongo wa pale ulikosa madini, halafu magonjwa ya kupe yakamaliza ng'ombe.

3/ Ndipo akahamia Soysambu, na hapo ufugaji ukashika. Lakini hayo malisho hayakuwa pori tupu. Bonde lilikuwa la Wamaasai. Agosti 1904 viongozi wao waliwekeana mkataba na serikali ya kikoloni: wahame, wengi waende Laikipia, na ardhi hiyo ibaki yao maadamu Wamaasai wapo. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine. Kufikia 1913 walikuwa wameswagwa kutoka Laikipia hadi kusini. Ahadi ya milele haikufika hata miaka 10!

4/ Walienda kortini, na kesi ikaamuliwa mwaka huo wa 1913. Korti ikasema ule ni mkataba wa kimataifa, kwa hivyo haiwezi kuamua kesi. Yaani kwa kuhamishwa wako chini ya serikali, kwa kudai haki wanakuwa taifa la nje.

5/ Na mbegu je? Merino walipandishwa na kondoo wa Kimaasai, na wachungaji walikuwa Wamaasai. Ng'ombe wa Boran anayesifika leo katika ranchi za Laikipia alitoka kwa Waborana. Walowezi walichagua mafahali, wakaweka rekodi, wakajenga majosho, na 1951 wakaanzisha chama cha wafugaji wa Boran. Hiyo kazi ni ya kweli, siipuuzi. Ila hawakuanza na mikono mitupu: nyasi, mbegu na ujuzi vilikuwa hapa.

6/ Sasa lisi. Sheria ya 1902 ilitoa miaka 99. Ile ya 1915 ikaruhusu 999. Ndiyo maana 2004, Wamaasai walipoandamana kusema muda umeisha, walijibiwa kwamba lisi ni za miaka 999. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, ikasema asiye raia hawezi kuwa na zaidi ya 99. Lakini mjukuu wa mlowezi akiwa raia wa Kenya, kifungu hicho hakimgusi.

7/ Kwa hivyo mtu akipanda jukwaani na "lisi zimeisha," muulize: hati gani, ya mwaka gani, mwenyewe ni raia au la? Akisema "pori tupu," muulize mkataba wa 1904 uliandikwa na nani kama hakukuwa na watu. Na akiahidi kurudisha ardhi, swali kubwa kabisa: itarudi kwa jamii iliyohamishwa, kwa maskwota, ama kwa marafiki zake?

Hilo la mwisho ndilo wengi hulikimbia. Lishikilieni.