Kwa nini LINPACK ilizeeka
Wapenzi wa Python, mkiandika numpy.linalg.solve, kazi yenyewe hufanywa na LAPACK, maktaba iliyotoka 1992. Mtangulizi wake, LINPACK ya 1979, hesabu zake zilikuwa sawa. (Cleve Moler, mmoja wa waandishi wake, ndiye baba wa MATLAB.) Shida ilikuwa kumbukumbu: ilipitia matriki safu wima moja moja, na prosesa zilipozidi kasi zikawa zinakaa bure zikingoja data. Jack Dongarra na wenzake wakaandika upya: chukua kipande cha matriki, kitumie mara nyingi kingali karibu na prosesa, ndipo ukirudishe. Ajabu, orodha ya TOP500 iliyoanza 1993 bado hupanga mashine kwa jaribio la LINPACK, ingawa programu yake, HPL, hutumia vipande vilevile.