Kauri ya pete: konokono wa pwani yetu aliyevuruga pesa za Lagos

Siku za bamvua, maji yakishakupwa, pwani ya mashariki ya Unguja inakuwa nchi nyingine. Unatembea juu ya kile ambacho alfajiri kilikuwa bahari, ukipita kamba za mwani na vidimbwi vya maji ya vuguvugu, mpaka karibu na mwamba ambako mawimbi yanavunjika. Ndivyo nilivyokuwa natembea Jambiani na mpwa wangu wa miaka 7, yeye na ndoo yake ya plastiki, mimi na uchovu wa wiki nzima ya kuandika tasnifu. Akaokota kitu kidogo cheupe kinachong'aa, chenye pete ya rangi ya dhahabu mgongoni.

"Hii ni kauri," nikamwambia. "Zamani ilikuwa pesa."

Akaigeuza. "Mjomba, inanunua nini?"

Swali zuri kuliko alivyojua. Na jibu lake, msomaji wangu, linategemea umesimama wapi.

Kwanza tumjue mwenyewe. Ni konokono wa baharini, kitaalamu *Monetaria annulus*, jina alilopewa na Linnaeus mwaka 1758. Annulus ni pete kwa Kilatini. Ana ndugu yake, *Monetaria moneta*, mdogo kidogo, wa manjano manjano na mwenye vinundu pembeni. Wote wawili wapo kwenye Bahari ya Hindi, lakini kwetu wa pete ndiye aliyejaa. Mng'ao ule si wa kusuguliwa na mchanga kama wengi tunavyodhani. Konokono akiwa hai, huchomoza utando wa nyama kutoka pande mbili na kulifunika gamba lake lote, na utando huo unazidi kulijenga na kulilinda. Ndiyo maana kauri iliyokufa siku nyingi na kulala juani inapauka.

Gamba lenyewe ni kalisi kaboneti, gumu, halioti kutu, halioozi. Zinalingana ukubwa kiasi kwamba unaweza kuzihesabu bila kuzipima. Na kuighushi? Utahangaika kuchonga moja wakati halisi ni rahisi kuliko kazi yako. Ukiwa unatafuta sarafu, bahari imekutengenezea tayari.

Tatizo ni moja tu: pwani imejaa sarafu hizo. Aliyeliona hili wazi ni Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier aliyefika Kilwa mwaka 1331. Miaka kama 12 baadaye alikuwa kadhi kwenye visiwa vya Maldivi, ambako aliandika kwamba dinari moja ya dhahabu ilipata kauri 400,000. Halafu mwaka 1352 akavuka Sahara akaenda Mali, na huko akazikuta tena kauri zile zile: dinari moja, kauri 1,150. Piga hesabu. Kitu kile kile, thamani imepanda karibu mara 350. Hakuna kilichoongezeka kwenye gamba isipokuwa umbali.

Sasa hapo ndipo hadithi inapogeuka kuwa chafu. Kuanzia karne ya 16 wafanyabiashara wa Ulaya waliielewa hesabu hiyo. Waholanzi na Waingereza walizibeba kauri za Maldivi kama farumi, ule uzito wa chini unaotuliza chombo baharini, wakaziuza mnadani Amsterdam na London, kisha zikapakiwa tena kwenda Afrika Magharibi kununulia watu. Kati ya 1700 na 1790 pekee zilipita zaidi ya tani 11,000, takriban kauri bilioni 10. Zilikuwa sehemu kubwa ya bei ya mtu kwenye bandari kama Ouidah. Kwa hiyo unapoona kauri imeshonwa kwenye mkoba wa watalii, kumbuka kuna wakati ilikuwa upande mmoja wa mzani na binadamu upande wa pili.

Waingereza walipopiga marufuku biashara yao ya watumwa mwaka 1807, ungetarajia kauri nazo zipumzike. Zilipumzika kidogo, kweli. Kisha viwanda vya Ulaya vikataka mafuta ya mawese kwa ajili ya sabuni na mishumaa, na mawese yalitoka kule kule, kwa watu waliozoea kulipwa kauri. (Mashamba mengi ya mawese nayo yalilimwa na watumwa. Wale ambao hawakusafirishwa tena walibaki kulima.) Kauri zikahitajika upya, nyingi kuliko mwanzo.

Hapo ndipo sisi tunaingia. Katikati ya miaka ya 1840 mfanyabiashara wa Hamburg, Adolph Jacob Hertz, alianza kuchukua kauri Zanzibar badala ya Maldivi. Zilikuwa za pete, kubwa na nzito zaidi, lakini bei yake ilikuwa ya kutupa. Huko Lagos na jirani zake pesa ilihesabiwa, haikupimwa: kauri moja ni moja, ndogo au kubwa. Wewe unanunua bure kwa gunia na kuuza kwa idadi. Siri kama hiyo haikai. Mwaka 1849 kampuni ya O'Swald, ya Hamburg hiyo hiyo, ikafungua tawi Zanzibar, na Wafaransa wa Régis kutoka Marseille nao wakaingia.

Nani alikuwa anaziokota? Richard Burton, aliyepita hapa mwaka 1857, anaeleza kwamba zilikusanywa kila mahali kutoka Ras Hafun mpaka Msumbiji, zikaachwa juani mpaka konokono aoze, na vijiji vikanuka vibaya. Hakutaja jina la hata mtu mmoja aliyeinama kuokota. Lakini mtu yeyote wa pwani anajua ni kina nani wanaoshuka maji yakikupwa na vikapu mkononi. Mimi bibi yangu alikuwa mmoja wao, ingawa yeye alifuata kombe za mboga. Kuna mtu aliinama hivyo hivyo, kauri moja baada ya nyingine, bila kujua inakwenda wapi.

Kati ya 1851 na 1869 zilisafirishwa hivyo zaidi ya tani 35,000 za kauri za pete, zinazokadiriwa kuwa bilioni 14. Kauri moja ina urefu wa sentimita 2 hivi. Ukizipanga mstari mmoja utaizunguka dunia mara saba. Kwa miaka isiyofika 20 tu, tena kwa uzito ni mara tatu ya karne yote ya watumwa niliyotaja hapo juu.

Sasa jiweke mahali pa mama muuza mawese Lagos. Huko arobaini zilitungwa uzi mmoja, nyuzi 50 zikawa kichwa kimoja cha kauri 2,000, na vichwa 10 vikajaza gunia la 20,000. Umejiwekea magunia matatu ndani, ni akiba ya maisha, mahari ya mwanao, kinga ya njaa. Hujafanya kosa lolote. Lakini kila meli inayoshusha mzigo inakupunguzia akiba, kwa sababu bei ya kila kitu inapanda. Uchumi wa leo unaita mfumuko wa bei. Tunafundishwa kwa mifano ya noti zilizochapwa hovyo. Huu haukuwa na kiwanda cha noti. Ulikuwa na bamvua.

Na pesa ikishuka thamani inakuwa nzito, kwa maana halisi. Heinrich Barth alipofika Kano mwaka 1851 alikuta dola moja ya fedha ni sawa na kauri 2,500, zikihesabiwa chini kwa mkono, tano tano. Dola ile ilikuwa na gramu 28 hivi. Kauri 2,500 za Maldivi ni kama kilo 3. Za kwetu za pete ni zaidi ya kilo 6. Kadiri thamani ilivyoporomoka, gharama ya kuzibeba ilianza kula zenyewe. Mwisho nauli ya meli tu ikawa haina faida, na baada ya 1870 biashara ikanywea. Wenye kampuni waliondoka na mtaji wao. Akiba za watu zilibaki kwenye magunia.

Wanahistoria wanaotazama kutoka Ulaya hupenda kusema kauri "ilikuwa pesa duni". Mimi sikubaliani. Ilifanya kazi Afrika Magharibi kwa mamia ya miaka, mpaka mtu alipopata njia ya kuimwaga bila kikomo. Hakuna pesa inayostahimili hilo, iwe ya gamba au ya karatasi.

Maneno yamebaki hata pale pesa zilipokufa. Cedi ya Ghana, iliyoanzishwa mwaka 1965, inatokana na neno la Kiakan la kauri. Kiganda bado wanasema *ensimbi* wakimaanisha pesa, ambazo ni simbi zetu za pwani, zilizopanda na misafara mpaka Buganda. Na wewe unayecheza bao, unahesabu kete 64 hata kama mkononi una komwe. Kete ni kauri ndogo. Kwetu, kwenye chimbuko lake, ikabaki ya mchezo.

Nilimweleza mpwa wangu nusu ya haya, nikiruka yale ya watumwa. Ataulizia mwenyewe akikua. Tulikuwa na kauri tatu kwenye ndoo. Moja ilianza kuchomoza utando wake taratibu, madoadoa ya kijivu, akapiga kelele kwamba pesa inatembea. Tukaigeuza tukairudisha chini ya jiwe ilipotoka, maana kauri jike huatamia mayai yake na huwezi kujua. Mbili zilizokufa akabaki nazo.

Njiani tukapita kwenye duka la juisi ya miwa. Akaweka zote mbili juu ya meza, akamwangalia muuzaji usoni. Yule mzee akazichukua, akazitazama, akacheka, akasema, "Hizi hata babu yangu hakuzipokea." Nikalipa kwa simu.