Sayansi ya mionzi: sifa tele, mshahara haba

Kila tarehe 7 Novemba, tangu 2013, wanafizikia tiba duniani huadhimisha siku yao. Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa Marie Curie, mwaka 1867. Walioichagua walitaka kumuenzi mama wa fani. Pengine hawakukusudia kutukumbusha kwamba mama huyo aligundua radiamu bila ya kulipwa hata senti.

Mwaka 1898, yeye na mumewe Pierre walipotangaza elementi mbili mpya, poloniamu mwezi Julai na radiamu Desemba, Marie hakuwa na cheo wala mshahara katika chuo cha fizikia na kemia cha jiji la Paris, alikofundisha mumewe. Walichopewa ni banda la kuvuja, ambalo zamani wanafunzi wa udaktari walipasulia maiti. Humo alichemsha mabaki ya madini ya urani yaliyoletwa kutoka Bohemia, akiyakoroga kwa fimbo ya chuma yenye kimo kinachokaribia chake, hadi mwaka 1902 alipopata moja ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu. Ili nyumba isilale njaa, tangu 1900 alifundisha fizikia katika chuo cha walimu wa kike cha Sèvres. Mshahara wa maabara ulikuja mwaka 1904, mwaka mmoja baada ya Tuzo ya Nobel, Pierre alipopewa uprofesa Sorbonne na mkewe akawekwa kuwa mkuu wa maabara yake.

Radiamu yenyewe hawakuiwekea hataza. Viwanda vikaichukua vikaiuza, na kufikia 1921 gramu moja ilikuwa dola 100,000. Aliyeigundua hakuweza kuinunua. Mwandishi wa habari Marie Meloney ndiye aliyewachangisha wanawake wa Marekani, na Rais Harding akamkabidhi Curie gramu hiyo mjini Washington. Hadithi hii husimuliwa kama ya ukarimu, nami siupingi ukarimu huo. Lakini mwanasayansi mwenye Nobel mbili kuchangiwa malighafi ya kazi yake ni jambo la kushangaza kuliko la kupongezwa.

Berlin nako mambo hayakuwa tofauti. Mwanafizikia Lise Meitner alifika huko 1907 akiwa na shahada ya udaktari wa falsafa, akapewa chumba kilichokuwa karakana ya seremala, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuingia maabara nyingine za taasisi ya kemia kilimokuwa chumba hicho. Alitafiti mionzi pamoja na mwanakemia Otto Hahn kwa miaka mitano, akiishi kwa fedha alizotumiwa kutoka nyumbani. Mshahara wake wa kwanza aliupata 1912, alipokuwa msaidizi wa mwanafizikia Max Planck. Kazi yenyewe? Kusahihisha mazoezi ya wanafunzi. Kwa mionzi alikuwa halipwi bado. Kwa kalamu nyekundu alilipwa.

Mtu atasema hao walikuwa wanawake, na enzi ile mwanasayansi mwanamke alilipwa kwa nadra. Ni kweli, ila si kweli yote. Fani nzima ililelewa katika imani kwamba anayeshika mionzi ana wito, na mwenye wito haulizi posho. Mwaka 1936 mjini Hamburg ulizinduliwa mnara wa mashujaa wa eksirei na radiamu, ukiwa na majina 169 ya madaktari, mafundi na wauguzi waliouawa na kazi hiyo. Mawe ya kumbukumbu yamepatikana upesi kuliko nyongeza za mishahara.

Kilichobadilisha hesabu ni vita. Mwaka 1914, Ufaransa ilipohitaji kuona risasi ndani ya miili ya askari, magari ya eksirei yalipatikana, na Curie akapewa nafasi ya kufunza wanawake wapatao 150 kuiendesha mitambo yake. Vita vya pili vilikwenda mbali zaidi. Chicago, mwaka 1942, mwanafizikia Arthur Compton alikusanya wanafizikia wa kuwalinda watu wa mradi wa bomu la atomiki: Ernest Wollan, Karl Morgan, na Herbert Parker, Mwingereza aliyekuwa akipima dozi za wagonjwa wa saratani, kwanza Manchester kisha Seattle. Fani ya kinga ya mionzi ilizaliwa pale, na mmoja wa waasisi wake alichomolewa hospitalini. Parker alikwenda Hanford kwenye vinu vya plutoni, Morgan akaongoza kitengo cha kinga ya mionzi cha maabara ya Oak Ridge hadi 1972. Urani ya mradi ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, Katanga, ikichimbwa na vibarua wa Kikongo ambao vitabu vya fani hii havikuwataja kwa majina.

Vita vilipokwisha, serikali ya Marekani iliendelea kulipa. Tume yake ya nishati ya atomiki iligharamia masomo ya vijana vyuoni, na wataalamu wakapatikana. Hapa ndipo ninaposimama mimi: hakukuwa na siri yoyote. Palipokuwa na fedha, watu walikuja. Kisha vinu vipya vikaacha kuagizwa baada ya ajali ya kinu cha Three Mile Island ya 1979, ufadhili ukapungua, vyuo vikafunga programu, na kizazi cha Morgan kikastaafu. Mwaka 2013 baraza la Marekani la kinga ya mionzi liliitisha mkutano kuuliza wataalamu wa mionzi wako wapi, na 2015 likatoa tamko lenye swali hilohilo. Jibu lilikuwa katika bajeti za miaka thelathini nyuma.

Hospitalini kuna kikwazo kingine, kinachoonekana kidogo. Katika orodha ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2008, mwanafizikia tiba amewekwa kundi moja na wanafizikia na wanaastronomia, si pamoja na madaktari na wauguzi. Maelezo ya pembeni yanasema ni sehemu ya watumishi wa afya. Lakini ofisa utumishi anayepanga ngazi za mishahara hasomi maelezo ya pembeni, hasa ikiwa kuyapuuza kunampunguzia gharama.

Machi 2016 mashine ya kobalti ya Hospitali ya Mulago, Kampala, iliyosimikwa 1995 na kutegemewa na Uganda nzima kwa tiba ya mionzi, ilikufa. Kelele zikasikika kote, na wagonjwa wengine wakatafutiwa matibabu Nairobi. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Kelele hizo zilikuwa za haki. Ila mashine hununuliwa au hutolewa msaada, ikasafirishwa ikafika. Mtu wa kuipima kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza kulala chini yake huhitaji shahada ya fizikia, kisha ya uzamili, kisha angalau miaka miwili ya mafunzo hospitalini kwa mapendekezo ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Akimaliza, atauliza ngazi yake ya mshahara ni ipi, na wizara nyingi bado hazijaiandika.