Zima Mdundo Kwanza: Emahoy Tsegué-Maryam na Piano Yake

Kanisani kwetu Kahama chombo kile tunakiita kinanda, hata kama ubavuni kimeandikwa Yamaha. Neno hilo limetoka mbali. Kamusi za zamani zinalitaja kama chombo cha nyuzi, ndugu wa gambusi. Baadaye likabeba maana ya ogani na piano, hata gramafoni. Sanduku la Wazungu lilipofika pwani, wenye lugha hawakuhangaika kulitafutia jina jipya. Waliliingiza kwenye ukoo uliokuwepo.

Ninalifikiria neno hilo kila ninapomsikiliza Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa wa Ethiopia aliyefariki Jerusalem mwezi Machi 2023, miezi michache kabla ya kutimiza miaka 100. Yeye naye aliichukua piano akaiingiza kwenye ukoo wa kwao. Lakini karibu kila makala niliyosoma kumhusu inamwomboleza mtu mwingine kabisa: mpiga piano wa kumbi za Ulaya ambaye hakuwahi kuwepo. Mimi sikubaliani na maombolezo hayo, japo naelewa yanatoka wapi.

Alizaliwa Addis Ababa tarehe 12 Desemba 1923, akaitwa Yewubdar. Hakuwa mtoto wa kimaskini, na ni vizuri kulisema mapema kwa sababu picha za uzeeni, chumba kidogo na shuka la kitawa, zinatudanganya. Baba yake, Kentiba Gebru Desta, aliwahi kuwa meya wa Gondar. Dada yake, Senedu Gebru, alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia bunge la Ethiopia, mwaka 1957. Yewubdar mwenyewe alipelekwa shule ya bweni Uswisi akiwa na miaka sita, na huko ndiko alikojifunza fidla na piano. Alirudi nyumbani mwaka 1933. Miaka miwili baadaye Waitalia wakavamia. Baadhi ya ndugu zake waliuawa. Yeye na waliobaki wakapelekwa utumwani, kwanza kisiwa cha Asinara, kisha Mercogliano karibu na Naples.

Baada ya vita alikwenda Cairo kusoma kwa Alexander Kontorowicz, mpiga fidla kutoka Poland. Inasimuliwa kwamba alifanya mazoezi saa tisa kwa siku, piano na fidla. Joto la Cairo likamshinda, akarudi Addis, na mwalimu wake akaja pia, kwa sababu Mfalme Haile Selassie alimpa kazi ya kuongoza bendi ya Walinzi wa Mfalme. Yewubdar akawa msaidizi wake ofisini.

Hapa nataka nikae kidogo, maana huwa panapitwa haraka. Addis ya wakati ule ilikuwa mji ambao muziki wa noti uliingia kwa kupitia watu waliokimbia balaa. Mwaka 1924, Haile Selassie, wakati huo bado Ras Tafari, alitembelea Jerusalem akawakuta vijana yatima wa Kiarmenia walionusurika mauaji ya Waturuki. Aliwachukua 40 akaenda nao Ethiopia wawe bendi yake ya tarumbeta, chini ya Kevork Nalbandian. Basi huyu Mpolandi anayefundisha Cairo kisha Addis hakuwa ajabu pekee yake. Nje ya mlango wa ofisi ya Yewubdar ndiko muziki wa mjini wa Ethiopia ulikuwa unapikwa, ule ambao baadaye ungetupatia akina Mulatu Astatke. Msichana huyu hakuwa kipaji kilichoota jangwani. Alikaa jikoni kabisa.

Mwaka 1948 akapata nafasi ya kusoma Royal Academy of Music, London. Ruhusa ya kuondoka haikutolewa. Sababu hakuwahi kuiweka wazi hadharani mpaka alipokufa. Tunachojua ni alichokifanya: aliacha kula kwa siku nyingi, akapelekwa hospitali, akaomba kupewa komunyo takatifu. Halafu akaondoka mjini, akapanda Gishen Mariam, monasteri iliyoko juu ya mlima katika jimbo la Wollo. Alikaa huko kama miaka kumi, peku. Piano haikuwepo. Aliposhuka, miguu ilikuwa na maradhi, na jina lake lilikuwa Tsegué-Maryam. Emahoy ni cheo cha mtawa wa kike.

Sasa, hapa ndipo waombolezaji wanaposimama. Wanasema, fikiria angekwenda London! Nimefikiria. Labda angekuwa mpiga piano mzuri wa Beethoven miongoni mwa wapiga piano wazuri wengi wa Beethoven. Sisemi kwamba kumnyima lilikuwa jambo jema. Mlango aliofungiwa ulifungwa na binadamu, na hakuna haja ya kumsingizia Mungu kazi hiyo. Ninachosema ni kwamba alifika Gondar, akajifunza nyimbo za ibada ambazo Kanisa la Ethiopia linasema zimetoka kwa Mtakatifu Yared, wa karne ya 6. Kule aliwakuta vijana wanaojifunza nyimbo hizo wakilala nje na kuomba chakula mlango kwa mlango. Miaka ya 1960 alipotoa santuri zake za kwanza, zilizochapishwa Ujerumani, mapato yalikusudiwa kuwasaidia watu wa namna hiyo. Kipande chake kinachojulikana zaidi, “The Homeless Wanderer”, ukikisikiliza ukiwa na vijana hao kichwani, hakisikiki tena kama muziki wa mkahawa.

Nataja mkahawa kwa makusudi. Tangu Francis Falceto alipomweka kwenye albamu ya 21 ya mfululizo wa Éthiopiques, mwaka 2006, wasikilizaji wa Magharibi wamekuwa wakimfananisha na wapiga piano wa bluzi. BBC walifanya kipindi mwaka 2017 wakakipa jina la kumlinganisha na piano za vilabuni Marekani. Muziki wake ukaingia kwenye filamu, Time ya 2020 na Passing ya 2021. Sawa, riziki haikatazwi. Lakini bluzi si mahali alipotoka. Ngazi zake ni zile za Ethiopia zenye sauti tano, tizita na wenzake, na mkono wa kulia unazunguka sauti moja na kuipamba kama mwimba ibada anavyofanya. Mkono wa kushoto ndio uliosoma Uswisi na Cairo. Ukisikiliza kwa makini unasikia wakati mwingine mikono hiyo haikubaliani saa ngapi tumefika.

Nilimtumia mwalimu wangu kipande kimoja kwa WhatsApp. Mwalimu ndiye aliyenifundisha sol-fa ubaoni, na kunionyesha kwamba nyimbo kadhaa za ngoma za Kisukuma nilizokua nazo zinapigika kwa vitufe vyeusi vitano bila kugusa cheupe hata kimoja. Kwaya haikumlipa, watoto walikuwa wanasoma, na siku moja akaenda Katoro, upande wa Geita, kuingia kwenye duara na wenzake. Sasa ana hisa kwenye karasha na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji vizuri. Sijawahi kumsikia akilalamika. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlilia, kama wale waandishi.

Emahoy alihamia Jerusalem mwaka 1984, kwenye monasteri ya Waethiopia, akaishi karibu miaka 40 kwenye chumba chenye piano. Karatasi zake za noti zilikaa mle ndani mpaka mpiga piano Maya Dunietz alipozichambua na kuchapisha kitabu cha vipande vyake mwaka 2013, karibu na mtunzi kutimiza miaka 90. Kuna pia kanda alizojirekodi nyumbani kati ya 1977 na 1985, akiimba kwa Kiamhari juu ya piano yake mwenyewe. Zilitoka mwaka 2024 kwa jina la Souvenirs. Nyingine zina kelele za nje, na sauti yake si ya jukwaani. Kama una muda wa albamu moja tu, anza na hiyo.

Jibu la mwalimu lilikuja baada ya siku mbili, sauti ya sekunde 40, karasha linanguruma nyuma yake.

“Huyu mama hapigi mdundo, mwanangu. Anaongea. Ukitaka kumjaribu Jumapili, zima kwanza hiyo ngoma ya kwenye kinanda. Halafu anza na vyeusi.”

Nilijaribu Jumamosi, kanisa likiwa tupu isipokuwa mama mmoja anayepiga deki. Noti za mwanzo nilizipata. Nilipokosea mara ya tatu, yule mama alisimamisha ufagio akauliza huo ni wimbo wa msiba wa nani.